Paneli za Kukodi

Nyuma ya paneli kulikuwa na nukta.

Wewe msomaji uliyekaa juma zima, tangu toleo lililopita, ukijiuliza yule binti wa juu ya paa alipiga yowe kwa kuona nini, ni hicho tu. Si nyoka, wala si maiti. Nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, kwenye kona ya chini.

Na nukta ile aliiweka yeye mwenyewe.

Binti huyu ni mkaguzi wa majengo wa manispaa, na ana tabia moja ambayo wenzake huicheka. Kila anachokikagua, kiwe pampu, mlango au paneli ya umeme wa jua, hukitia nukta ya rangi ya kucha mahali pa kificho, asije akakihesabu mara mbili. Kucha zake mwenyewe hazijawahi kuionja rangi hiyo. Ofisini walimwita Nukta mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwa ndugu zake tu. Hakujali. Alikuwa mtu wa haya, na nukta ilisema kile ambacho mdomo wake uliona aibu kukisema.

Sasa alikuwa amepiga magoti juu ya paa la Umande, jengo jipya linalosubiri kibali. Paneli hizi aliambiwa zimetoka kiwandani juzi. Lakini nukta hii aliiweka miezi mingi nyuma, kwenye paa la Upepo Mwanana, jengo la mtaa wa pili!

Akainamia paneli ya pili, akachungulia nyuma yake. Nukta.

Ya tatu. Nukta.

"Unatafuta nini huko nyuma, binti?" sauti ya mtu ikatokea mgongoni kwake. "Uzuri wa paneli uko mbele."

Alikuwa mkandarasi. Watu walimwita Kijani kwa sababu tai yake, saa yake na hata kava la simu yake vilikuwa vya rangi hiyo. Redioni alipenda kusema kwamba anajenga ili wajukuu wapate pa kuvutia hewa.

"Hizi ni paneli za Upepo Mwanana," Nukta alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Zilikuwa." Kijani hakupepesa hata jicho. "Leo ni za Umande. Mungu akipenda, mwezi ujao zitakuwa za jengo jingine. Mbona unatoa macho? Maharusi hukodi viti. Umewahi kumwona mgeni anainua kiti atazame ni cha nani? Anakaa, anakula, anakwenda zake."

"Kule kuna watu wanaishi!"

"Na wanaishi vizuri. Taa zinawaka, lifti inapanda. Umeme wa gridi upo."

"Na feni?"

Kijani akaanza kuipangusa saa yake.

Nukta akageukia upande wa Upepo Mwanana. Madirisha ya Upepo Mwanana hayafunguki. Ndivyo lilivyochorwa: hewa ivutwe na feni kupitia mabomba yaliyopita ndani ya dari, ili watu wasihitaji viyoyozi vinavyokula umeme usiku na mchana. Na feni zenyewe zitumie jua peke yake, zisiguse gridi. Hilo lilikuwa sharti la Mfuko, wale wanaowakopesha kwa riba ndogo wajenzi wasiochafua anga. Sharti zuri kabisa. Alilisoma chuoni, akalipenda.

Lakini bila paneli hakuna feni, na bila feni hakuna hewa. Ghorofa nane za watu, zimezibwa kama chupa iliyotiwa kizibo.

Na ghorofa ya sita anakaa dada yake, tumbo moja, na kichanga ambaye hajaacha kukohoa tangu azaliwe humo.

Mlango wa paa ukafunguliwa. Akatokea mkuu wake wa idara, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza. Nukta nusura amkimbilie na kumkumbatia. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi, aliyemtetea alipochekwa, aliyemwita mwanangu siku alipolia chooni.

"Mama, njoo uone! Njoo!"

Mkuu akaja, akainama kwa taabu, akavaa miwani. Akaitazama nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akashusha pumzi.

"Kazi safi, mwanangu. Kazi safi sana."

Akafungua mkoba. Akatoa pamba. Akatoa kichupa. Nukta alisikia harufu kabla hajaelewa, ile harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

"Mama... unafanya nini?"

"Nafanya usafi."

Na akafuta. Taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto makamasi. Kijani akamshikia paneli isimwangukie, kwa adabu zote, kama anayemshikia mgeni beseni la kunawia. Wakaenda kwenye ya pili. Wakaenda kwenye ya tatu. Ilionekana wazi kwamba hawakuwa wakifanya hivi kwa mara ya kwanza.

Nukta akainuka, akajitenga nao. Mikono ile laini! Mikono iliyompangusa machozi!

"Sitalipitisha hili jengo," akasema.

"Utalipitisha," Mkuu akajibu bila kuinua kichwa. "Aliyepanda paa la Upepo Mwanana ni nani? Ni wewe. Aliyesema paneli zipo na feni zinazunguka ni nani? Wewe. Mimi sikupanda, nina magoti mabovu, kila mtu ofisini anajua. Ukipiga kelele, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Zilikuwapo! Feni zilizunguka, niliona kwa macho yangu!"

"Kwenye nyumba ya mfano, ghorofa ya chini," Kijani akadakia. "Ulipuliziwa upepo kidogo, ukafumba macho, ukasema 'aah.' Nakumbuka. Nilikuonea huruma, binti mzuri hivi na kazi hizi za juani."

Wakacheka wote wawili. Mkuu akamwaga dawa kidogo kwenye pamba mpya.

Hapo simu ya Kijani ikaita.

Alianza kusikiliza akiwa anatabasamu. Kidogo kidogo tabasamu likakauka, likabaki meno tu.

"Wanakwenda wapi?... Sasa hivi?... Nani kawaambia?... Wewe huwezi kuwapeleka wakale kwanza?"

Akakata simu. Uso umempauka.

"Wageni wa Mfuko. Walikuwa waje hapa Umande. Mwenyekiti wao kabadilisha mawazo garini. Anasema hataki kuona jengo tupu, anataka kwanza aone lile lenye watu. Wanakwenda Upepo Mwanana."

"Si waende," Nukta akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi utamu mdomoni. "Kuna ubaya gani?"

Kijani aliwageukia mafundi wake waliokuwa upande wa pili wa paa. Alitia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

"Teremsheni! Teremsheni zote! Lori lirudi nyuma!"

Msomaji, kama hujawahi kuona mafundi wakifungua paneli za kukodi, hujaona kitu. Wale wanaume walizinyofoa kwa wepesi wa watu wanaochomoa pochi mnadani. Kamba, blanketi, lori. Paa lililokuwa linang'aa likabaki vyuma vitupu.

Mkuu akamshika Nukta mkono. Akambana kidogo.

"Sikiliza. Panda gari langu, utangulie kuwapokea. Wapeleke nyumba ya mfano pale chini. Waeleze habari za rangi isiyo na sumu. Waeleze habari za matofali. Waimbie ukitaka. Wasipande juu mpaka nikupigie. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Mama."

Na kweli alielewa. Akajipangusa magoti, akashuka ngazi.

*

Wageni waliofika Upepo Mwanana walikuwa watatu, lakini aliyetazamwa na wote alikuwa Mwenyekiti wao, mwanamke mzee kiasi, mwembamba, aliyevaa viatu vya kutembelea na si vya kuonyesha. Huyu ndiye angeamua kama Kijani apewe mkopo wa majengo mengine kumi.

"Wewe ndiye mkaguzi? Mbona mdogo hivi?"

"Nakua, mama," Nukta akajibu, akashtuka kusikia mwenyewe amefanya mzaha.

Mwenyekiti akacheka. "Haya, tuonyeshe."

Mlango wa nyumba ya mfano ulikuwa wazi, maua yamewekwa mezani. Nukta akaupita. Akaingia kwenye lifti. Akabonyeza sita.

Lifti ilipofunguka, harufu ikawa ya kwanza kuwapokea.

Harufu ya unyevunyevu, ya maziwa yaliyochacha, ya nepi zisizokauka, ya mafuta ya kukaangia ya jana na ya juzi. Haikuwa na pa kutokea, ikazoea, ikawa mwenyeji. Mgeni mmoja akatoa leso. Mwenyekiti hakutoa.

Dada akafungua mlango, kavaa gauni la nyumbani, mtoto begani.

"We! Unaniletea wageni na nyumba iko hivi? Hata simu?"

"Samahani, dada. Ni watu wa Mfuko. Wamekuja kuona mnavyoishi."

"Waone basi! Karibuni, karibuni jamani. Msikanyage hiyo nepi."

Waliingia. Sebule ilikuwa ndogo, imefagiliwa. Dirisha lilikuwa kubwa na zuri, limejaa mwanga, na vioo vyake vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani. Lakini ukuta! Kuanzia nyuma ya kochi hadi darini ulikuwa umeota kuvu jeusi, nene, lenye manyoya, kama ngozi ya mnyama iliyowambwa pale.

"Hilo nalifuta kila siku," dada akasema kwa aibu. "Nafuta leo, kesho limerudi, limeleta na mashemeji zake."

"Na feni zinafanya kazi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Feni? Nzuri sana, mama! Hazina kelele hata kidogo. Tuliambiwa hizi za kisasa ni kimya, hutajua kama zipo."

Mgeni mwenye leso akainua macho darini.

Mwenyekiti akachana kipande cha karatasi laini. Akapanda juu ya kiti, mzee yule na mifupa yake, akakiinua hadi kwenye tundu la hewa darini, lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Karatasi ilining'inia. Haikutikisika.

"Ni kimya kweli," akasema, akashuka.

Kikohozi cha mtoto kikajaa chumba. Hakikuwa kikohozi cha mtoto. Kilikuwa kikohozi cha mzee mvuta tumbaku, kimekosea kifua.

Mlango ukasukumwa. Kijani na Mkuu, wanahema, jasho limewalowesha. Mkuu alimtupia Nukta jicho ambalo lingeweza kukausha nguo.

"Mwenyekiti! Karibu sana! Samahani, binti wetu ni mgeni kazini, amesahau kuwaonyesha nyumba ya mfano. Twendeni chini, kuna vinywaji."

"Tunaangalia feni," Mwenyekiti akasema. "Zimelala."

"Ndiyo, ndiyo," Kijani akadakia. "Mchana tunazipumzisha."

"Zinatumia jua, na mnazipumzisha mchana?"

Kijani akaitupia jicho simu yake.

"Hebu nikuulize, baba," dada akasema, na sauti yake sasa haikuwa na aibu tena. Alikuwa amemtazama mdogo wake usoni, akasoma kila kitu humo. "Ina maana hazijawahi kuzunguka? Tangu tuhamie? Huyu mtoto ana pumu, hospitali wananiuliza nyumbani mnachoma nini. Nawaambia hatuchomi kitu, tunakaa kwenye jengo la kijani!"

"Mama, tulia..." Kijani akaanza.

"Nitulie? Mshikeni basi ninyi, nitulie!" Akamtia mtoto mikononi mwa Mwenyekiti. "Mbebe, mama. Weka sikio hapo kifuani. Usiangalie ukuta, wanaweza kuupaka rangi. Sikiliza hapo."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Akasikiliza. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi kama birika kabla halijachemka.

Nukta aliona macho ya yule mzee yakibadilika. Amesikia! Yamekwisha! Kijani hatapewa hata tofali moja!

"Nitakufukuza kazi leo hii," Mkuu akamnong'oneza sikioni, bado kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Na kesho nitahakikisha unalala kituoni. Umeniudhi sana, mwanangu."

Nukta akasogea kando. Pumzi ya Mkuu ilinuka dawa ya kufutia rangi.

Simu ya Kijani ikaita. Akaiweka sikioni, na ghafla uso wake ukachanua kama mtu aliyetolewa gerezani.

"Zimefungwa? Zote? Hongereni! Washa! Washa sasa hivi!" Akageuka, kapanua mikono. "Mwenyekiti, ilikuwa hitilafu ndogo tu. Mafundi wangu wameirekebisha. Sasa utauona upepo mwanana wenyewe!"

Juu ya dari kitu kikakoroma.

Kikakohoa, kikasita, kikakoroma tena. Mtetemo ukapita ndani ya mabomba kutoka chumba hadi chumba, kama panya elfu wanaokimbia. Karatasi aliyoiacha Mwenyekiti juu ya kiti ikainuka.

"Mnaona?" Kijani akasema. "Mnaona?"

Mende mmoja akaanguka kutoka kwenye wavu, akatua juu ya tai yake.

Kisha mabomba yakatapika.

Fikiria, msomaji. Vumbi la mbao na saruji lililoachwa humo na mafundi wavivu. Mavi ya panya, na panya wenyewe waliokauka. Na kuvu, miezi na miezi ya kuvu lililonona kwa pumzi za watu wa ghorofa nane. Vyote vilikuwa vimelala kimya vikisubiri upepo. Sasa upepo umekuja, vikaruka kwa pamoja, vyeusi, vya unga, vyenye harufu ya kaburi lililofunguliwa.

Mwanga wa dirishani ukazimika. Wageni wakapiga kelele. Kelele nyingine zikajibu kutoka ghorofa ya juu, na ya chini, na ya chini yake.

"Zima!" Kijani akabweka kwenye simu, machozi meusi yanamtiririka. "Zima, we mjinga, zima!"

Simu ilikuwa na sauti ya juu. Wote walisikia jibu la fundi kutoka paani, sauti ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli.

"Tunazima wapi, bosi? Hatujawahi kuziwasha kabla ya leo!"

Mkuu alikuwa wa kwanza kukimbilia mlangoni. Aliufungua, akarudi nyuma anakohoa na kutapika juu ya viatu vyake mwenyewe. Korido ilikuwa mbaya kuliko chumba. Huko mabomba yalikuwa mapana zaidi, na watu wa ghorofa nzima walikuwa wanagongana gizani wakitafuta ngazi.

"Mwanangu!" dada akalia. "Mwanangu yuko wapi?"

"Ninaye!" Sauti ya Mwenyekiti, kutoka sakafuni. Alikuwa amejikunja juu ya mtoto, kamfunika kwa koti lake. "Ninaye, lakini..."

Hakumaliza.

Nukta alijua kwa nini hakumaliza. Katikati ya kelele zote zile kulikuwa na sauti moja iliyopungua. Filimbi ya kifuani ilikuwa imekoma.

Yule binti wa haya, aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kiti akikigonga, alipapasa jikoni akashika mchi wa kinu. Akaenda dirishani.

"Usivunje!" Mkuu akamdaka gauni. "Ukivunja hicho kioo, mtaa mzima utaona..."

Nukta akamsukuma. Hakuamini kama mkono uliosukuma ulikuwa wake. Mkuu alianguka kwenye kochi, vumbi likamfunika.

Akauinua mchi kwa mikono miwili. Akapiga kwa nguvu zake zote, kwa dada yake, kwa kile kichanga, kwa kila pumzi iliyozuiwa humu ndani.

Mchi ukarudi. Viganja vikamwaka moto.

Akapiga tena. Akapiga mara nyingine, anapiga yowe.

Kioo hakikupata hata ufa.

Ndipo akakumbuka. Siku ya ukaguzi, Kijani alimpa nyundo, akamwambia ajaribu mwenyewe. Akajaribu. Vioo vya tabaka mbili, visivyopitisha joto, visivyovunjika. Nukta mwenyewe alivisifu sana. Alisema mama yeyote angelala usingizi mzuri nyuma ya vioo kama hivi.

"Mdogo wangu," dada yake akaita gizani, kwa sauti ndogo ambayo Nukta hakuwahi kuisikia maishani. "Mbona halii?"